UZI: Kuokolewa kwa neema peke yake. Matendo yanakaa wapi hasa?

Mwalimu wa Kipaimara (mleta mada):
Wakuu, Bwana Yesu asifiwe.

Humu jukwaani nyuzi za neema na matendo haziishi, na zote zinaishia pale pale: mmoja anabandika Efeso 2:8 (mmeokolewa kwa neema), mwenzake anamjibu kwa Yakobo 2:24 (mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake), wa tatu anatukana, uzi unafungwa. Huu naufungua kwa ajili ya wanaofundisha: walimu wa kipaimara, wainjilisti, viongozi wa vikundi vya vyuoni. Kama unataka kumshinda mtu tu, nyuzi za namna hiyo ziko nyingi.

Hoja yangu ni hii. Swali la "je, matendo yanahitajika?" halitufikishi popote, kwa sababu karibu kila kanisa litakujibu ndiyo. Uliza yanakaa wapi. Yakikaa kwenye sababu ya Mungu kukukubali, hapo hakuna neema tena, na Paulo hakumung'unya maneno: "ikiwa ni kwa neema, haiwi kwa matendo tena" (Rum 11:6). Yakikaa kwenye maisha ya mtu aliyekwisha kukubaliwa, hayo ndiyo aliyoumbiwa. Efeso 2 yenyewe ina aya ya 10 ambayo wengi hawafiki: "tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema". Ukisoma aya ya 8 na 9 ukafunga kitabu, umesoma nusu.

Darasani msianze na Efeso. Anzeni na Ibrahimu, kwa sababu pale kuna umri na mpangilio ambao mtoto wa miaka 14 anaweza kuuona ubaoni. Chora mstari. Mwanzo 15:6, Ibrahimu anaamini na anahesabiwa haki, yaani Mungu anamkubali kuwa mwenye haki. Mwanzo 16:16, Ishmaeli anazaliwa, Ibrahimu ana miaka 86. Mwanzo 17:24, anatahiriwa akiwa na miaka 99. Sasa waulize wanafunzi: alipohesabiwa haki alikuwa ametahiriwa? Hesabu inawajibu wenyewe, kuna miaka 13 au zaidi katikati. Hiyo ndiyo hoja yote ya Paulo katika Rum 4:10.

Halafu endeleza mstari mpaka Mwanzo 22, mlimani na Isaka. Hapo ndipo Yakobo anaposimama (Yak 2:21), na anasema kwamba kwa tendo lile andiko la Mwanzo 15:6 likatimizwa. Paulo anauliza mtu anakubaliwa vipi na Mungu mwanzoni. Yakobo anamuuliza anayejidai ana imani: iko wapi, tuione? Wanamtaja mtu yule yule katika nyakati mbili za maisha yake. Mwalimu asipochora huo mstari, wanafunzi wanatoka darasani wakidhani mitume wawili waligombana.

Kosa linalofuata hapo: mwanafunzi anaelewa kwamba matendo hayanunui, basi anaifanya imani ndiyo fedha. Mpime kwa swali moja: "Siku imani yako ikiwa dhaifu, wokovu unapungua?" Akijibu ndiyo, bado anajitegemea mwenyewe, kilichobadilika ni jina tu. Imani ni mkono mtupu unaopokea. Mkono unaotetemeka na mkono imara vinapokea kitu kile kile.

Karibuni.

Kobe Mwerevu:
Nipo mkao wa kula. Leo Wakatoliki hawalali.

Katekista Mkongwe:
Tumsifu Yesu Kristo.

Kobe, hatulali kweli, ila siji na panga. Mleta mada kaandika kwa adabu, nami nataka kusafisha jambo moja ambalo wachungaji wengi wanalirudia kwenye mikutano: "Wakatoliki wanafundisha wokovu kwa matendo." Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, kikao cha 6, tarehe 13 Januari 1547, ulitoa kanoni (tamko fupi la fundisho) 33 juu ya kuhesabiwa haki. Kanoni ya kwanza kabisa inamlaani yule anayesema kwamba mtu anaweza kuhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Mungu kwa njia ya Yesu Kristo. Ya kwanza, si ya mwisho. Na ya 3 inasema hata kuamini na kutubu kama inavyopasa hakuwezekani bila Roho Mtakatifu kutangulia.

Tena hili halikuanzia Trento. Pelagio alipofundisha kwamba mwanadamu anaweza kushika amri za Mungu kwa nguvu zake za asili, waliomkabili walikuwa maaskofu wa Afrika, Agostino wa Hippo akiwa mstari wa mbele, na Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukampinga. Hippo iko Algeria ya leo na Karthago Tunisia, kwa hiyo wale wa "dini ya wazungu" wapite pembeni kidogo. Mwaka 529 mtaguso wa Orange (Ufaransa ya leo) ukaenda mbele zaidi: hata mwanzo wenyewe wa imani, ile hamu ya kuamini, ni zawadi. Kwa hiyo "neema ndiyo inayoanza" ni fundisho letu sote.

Mkitaka kujua tunapoachana, someni sura ya 7 ya kikao kile. Pale zimeorodheshwa sababu tano za kuhesabiwa haki. Lengo: utukufu wa Mungu na wa Kristo, na uzima wa milele. Mtendaji: Mungu mwenye huruma. Aliyestahili kwa niaba yetu: Yesu Kristo kwa mateso yake msalabani. Chombo: sakramenti ya Ubatizo. Na ya tano, ile inayomfanya mtu awe mwenye haki kweli kweli: haki ambayo Mungu anaitia ndani yake na kumfanya upya. Katika sababu zote tano hutaona matendo ya mtu. Yanaingia baadaye, katika kuitunza na kuikuza neema ya utakaso.

Jembe la Geneva:
Katekista, heshima yako. Hapo kwenye sababu ya tano ndipo palipo na vita yote, na nashukuru umeitaja mwenyewe. Wengi wanabishana juu ya ya kwanza hadi ya tatu, ambako hakuna ugomvi.

Sisi wa upande wa matengenezo (Waprotestanti) tunabadilisha mbili za mwisho. Chombo ni imani. Na haki inayotufanya tusimame mbele ya Mungu ni ya Kristo mwenyewe, tunahesabiwa, iko nje yetu. Kufanywa upya ndani kupo, ni lazima kuwepo, ila tunakuita utakaso na hatukuweki kwenye msingi wa hukumu. Kwa nini tunang'ang'ania? Kwa sababu kilichomo ndani yangu, hata kama Mungu ndiye aliyekitia, bado hakijakamilika. Nikiulizwa nasimama kwa nini, nikaonyesha kitu kilichomo ndani yangu, nimeonyesha kitu chenye kasoro.

Na hapa Trento haikumung'unya maneno nayo: kanoni ya 11 inakataa kwamba tunahesabiwa haki kwa kuhesabiwa haki ya Kristo peke yake bila upendo uliomiminwa mioyoni, na ya 24 inakataa kwamba matendo mema ni matunda na ishara tu za haki iliyokwisha kupokelewa. Inasema yanaiongeza. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni tofauti ya maneno.

Matokeo yake yanaonekana kitandani kwa mgonjwa. Ukimuuliza Mprotestanti aliyefundishwa vizuri "una uhakika?", anapaswa kujibu ndiyo akimtazama Kristo. Kanoni ya 16 inasema hakuna awezaye kudai kwa uhakika kamili kwamba atadumu mpaka mwisho, isipokuwa amefunuliwa kwa namna ya pekee. Pale pana tofauti ya kichungaji, achana na vitabu.

Katekista Mkongwe:
Sawa, hiyo umeitaja kwa haki. Ongeza tu kwamba kwetu kutokuwa na uhakika wa namna hiyo si kukosa tumaini. Mkatoliki anatumaini kwa nguvu zote. Anachokataa ni kujitangazia mwisho wake mwenyewe. Na Paulo aliyeandika Warumi 8 (hakuna kitakachotutenga na upendo wa Mungu) ndiye aliyeandika "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka" (Flp 2:12).

Mwalimu wa Kipaimara:
Na aya ya 13 inafuata papo hapo: Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Msiitenganishe na ya 12.

Kwa faida ya wasomaji: kuna hati inayopaswa kusomwa kabla ya mtu kuchangia tena humu. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo KKKT ni mwanachama wake, walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu Fundisho la Kuhesabiwa Haki. Lina vifungu 44, si refu. Kifungu cha 15 kwa maelezo yangu: ni kwa neema peke yake, katika imani kwa kazi ya Kristo na si kwa stahili yoyote ndani yetu, kwamba Mungu anatukubali na kutupa Roho Mtakatifu anayeifanya upya mioyo yetu na kutuita tutende mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na Ushirika wa Makanisa ya Matengenezo Duniani mwaka 2017.

Halikumaliza yote. Wanateolojia wengi wa Kilutheri Ujerumani walilipinga wakisema limefunika nyufa, na Jembe nadhani yuko nao. Ila laana za karne ya 16 hazimhusu tena anayefundisha kama lilivyoandikwa Tamko.

Jembe la Geneva:
Niko nao, ndiyo. "Neema peke yake" wamekubaliana. "Imani peke yake" wameizunguka.

Mwana wa Pwani:
Mimi si Mkristo, nauliza kwa heshima. Mtu kaiba fedha ya kikoba cha kina mama, laki tano. Kesho kaokoka, mmemwimbia, mmemkumbatia. Kina mama wale wamepata nini? Neema yenu si inamlinda mwizi?

Binti Sayuni:
Swali zuri kuliko michango yote ya juu, samahani wakuu.

Mwana wa Pwani, kusamehewa na Mungu hakufuti deni kwa binadamu. Torati iliweka kiwango: Hesabu 5:7, aungame, arudishe kamili, aongeze sehemu ya tano. Laki tano inakuwa laki sita. Zakayo alikwenda mbali zaidi, akaahidi mara nne (Luka 19:8), na nusu ya mali yake kwa maskini. Lakini angalia mpangilio: Yesu alijikaribisha nyumbani kwake kwanza, wakati watu wakinung'unika kwamba anaingia kwa mwenye dhambi. Zakayo hakulipa ndipo akatembelewa.

Kwa hiyo anayemlea huyo mwizi afanye hivi. Asimwambie "umesamehewa, yaliyopita si ndwele". Akae naye, waandike kiasi, majina ya waliodhulumiwa na tarehe. Amsindikize kwa viongozi wa kikoba akaungame, kwa sababu akiachwa aende peke yake mara nyingi haendi. Wakubaliane malipo, hata kama ni 50,000 kwa mwezi, yaani mwaka mzima kwa hizo laki sita. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: fedha iende kwa wenyewe, si kwenye kapu la sadaka. Hesabu 5:8 inaruhusu ifike kwa kuhani pale tu ambapo aliyekosewa hana jamaa wa kupokea. Mchungaji anayesema "leta hapa tuitakase" anajipa nafasi ambayo Musa hakumpa.

Kosa la pili ni kinyume chake: kumwambia kwamba Mungu atamsamehe awamu ya mwisho ikishalipwa. Hapo umemrudisha kwenye kununua. Analipa kwa sababu amesamehewa. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliosambaa kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walijulikana kwa jambo hili: mtu akiungama, mali ya wizi inarudi kwa mwenyewe. Na wimbo wao Tukutendereza ulikuwa wa damu ya Yesu, haukuwa wa madeni waliyolipa.

Mwana wa Pwani:
Umenijibu. Laki sita ni sawa. 😄

Msabato Mtulivu:
Na amri ya Sabato je? Maana mkishasema neema, nyie wote mnaikimbia ya nne. Ufunuo 14:12 inawataja watakatifu "wazishikao amri za Mungu, na imani ya Yesu". Viwili pamoja. Na msituweke kundi la wanaotafuta haki kwa sheria. Sisi tulipigana mjadala huu wenyewe kwa wenyewe: mkutano mkuu wa Minneapolis mwaka 1888, wahubiri wetu Waggoner na Jones wakahubiri haki kwa imani, wazee wengine wakapinga, Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu, akasimama na hao wawili.

Jembe la Geneva:
Msabato, 1888 ni historia ya heshima, na wengi wenu vijana hawaijui. Swali langu kwako ni lile la mleta mada: siku inakaa wapi?

Chukua kisu kimoja cha tohara. Matendo 16:3, Paulo anamtahiri Timotheo, kwa sababu ya Wayahudi wa maeneo yale. Wagalatia 2:3, Tito hakulazimishwa kutahiriwa, na Paulo hakukubali hata saa moja. Tendo ni lile lile. Kwa Timotheo lilikuwa njia ya kuwafikia watu. Kwa Tito walilitaka liwe sharti la kuhesabiwa ndani. Ndiyo maana Wagalatia wanaambiwa wakitahiriwa, Kristo hatawafaidia neno (5:2), wakati Timotheo alitahiriwa na hakuna aliyemlilia. Ukitunza Jumamosi kama Timotheo, sina neno nawe. Ukimwambia anayesali Jumapili kwamba imani yake kwa Kristo haitoshi mpaka abadili siku, hiyo ni habari ya Tito.

Msabato Mtulivu:
Hatusemi hivyo, angalau waliosoma hawasemi. Ellen White mwenyewe aliandika kwamba wako Wakristo wa kweli katika makanisa yote, hata Katoliki. Ila nakubali mitaani kuna wahubiri wetu wanaoirahisisha mpaka inakuwa ya Tito.

Kobe Mwerevu:
Sasa na hawa wa "panda mbegu ufunguliwe", maji ya upako buku tano chupa? Hao ni Tito au Timotheo?

Mwalimu wa Kipaimara:
Hao ni Tetzel, yule mhubiri wa Ujerumani aliyeuza vyeti vya msamaha. Mwaka 1517 maelekezo ya kuuza vyeti vya msamaha katika eneo la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz yalipanga bei kwa cheo: wafalme na maaskofu guldeni 25 za dhahabu, wengine wakishuka kadiri ya kipato. Nusu ya mapato ilikwenda kulipa deni la Albrecht kwa benki ya akina Fugger, nusu ujenzi wa Basilika la Mtakatifu Petro. Sasa linganisha: maelekezo yale yalimruhusu asiye na kitu asali na kufunga badala ya kulipa. Kwa baadhi ya madhabahu za leo maskini hana hata huo mlango.

Katekista Mkongwe:
Niongeze kwa usahihi, maana hili linapotoshwa. Rehema, ndiyo iliyokuwa ikiuzwa kwa vyeti vile, katika mafundisho ya Kanisa inahusu adhabu ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa katika Kitubio, haikuwahi kufundishwa kwamba inaondoa hatia. Biashara yake ilikuwa dhambi, na Kanisa lenyewe liliipiga marufuku: Papa Pius V mwaka 1567 alifuta rehema zote zilizoambatana na malipo. Rehema zenyewe zipo mpaka leo, bila shilingi.

Binti Sayuni:
Kwetu wa kilokole ugonjwa mwingine uko kwenye sala ya toba. Mkutano wa Jumatatu mtu kainua mkono, Jumatano kainua tena, mwezi ujao kwenye mkutano mwingine yuko mbele. Ukimuuliza, anasema "safari ile sikusikia kitu". Amefundishwa kwamba yale maneno matano sita ya kufuatisha ndiyo yanayookoa, na kwamba lazima mwili usisimke.

Dawa yake ni kupunguza haraka. Kabla ya sala, msomee habari ya mtoza ushuru, Luka 18:9-14, kwa sauti. Mtoza ushuru alisema sentensi moja tu. Muulize yule Farisayo alikosa nini, maana alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka ya mapato yake yote, tena alimshukuru Mungu! Mwache ajibu mwenyewe. Ndipo aombe kwa maneno yake, yakiwa mabovu yabaki mabovu. Usimwandikie tarehe kwenye kadi ukamwambia "hii ndiyo siku yako, usiisahau", kwa sababu akianguka mwezi unaofuata atarudi kuitilia shaka tarehe. Mpe ahadi za kushika, kama Yohana 6:37 (ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe).

Na anayerudi mara ya tano msimfukuze wala msimwongoze sala tena. Keti naye, mwulize anamtegemea nani.

Mtumishi Mpya:
Wakuu, msaada wa haraka. Keshokutwa nina ibada ya mazishi. Marehemu alikuwa mtu wa watu, kajenga zahanati ya kijiji. Familia wanataka nihubiri kwamba matendo yake yamemfungulia mbingu. Nafanyaje bila kuwaumiza?

Mwalimu wa Kipaimara:
Pole kwa msiba. Zahanati iache kwenye wasifu wa marehemu, isomwe na ndugu, tena kwa kirefu, na salamu za rambirambi zitaitaja vya kutosha. Hakuna sababu ya mhubiri kuipunguza. Mahubiri yako yawe ya dakika 15, andiko moja, Tito 3:4-7 linatosha, maana lina "si kwa sababu ya matendo ya haki tuliyoyatenda sisi" na linaishia kwenye tumaini la uzima wa milele. Kama alibatizwa na kushiriki meza ya Bwana, litaje hilo kama kazi ya Mungu kwake.

Usitamke yuko wapi, si kazi yako. Na usimtumie marehemu kuwatisha waliobaki, kesho hawatakuja kukusikiliza. Ongea na msemaji wa familia leo, si asubuhi ya mazishi, umwambie utakachohubiri.

Katekista Mkongwe:
Kwetu ungeongeza sala ya kumwombea. Hapo ndugu zangu hawatanifuata, lakini hayo mengine ya mwalimu yachukue kama yalivyo.

Mtumishi Mpya:
Nimepokea. Msemaji wa familia nampigia sasa hivi.